Mtoto mlemavu yuko nyumbani, na leo ni siku ya shule

MSOMAJI mpenzi, kabla hujamaliza kikombe chako cha chai ya Jumapili, hebu jiulize swali moja. Katika mtaa unaoishi, je, unamjua mtoto mlemavu hata mmoja? Na ikiwa unamjua, anasoma wapi?

Mimi ningeulizwa hivyo miaka michache iliyopita, ningejibu kwa kinywa kipana kwamba mtaani kwetu hakuna. Ningekuwa nimesema uongo bila kujua. Kwa muda wa karibu mwaka mzima nilikuwa nikinunua mboga hatua nne kutoka alipolala mtoto wa aina hiyo, na sikuwa na habari kwamba yupo.

Ilikuwa huko Gatongora, Ruiru, katika Kaunti ya Kiambu. Wenyeji wa zamani wa sehemu hizi wanakumbuka mashamba ya kahawa. Siku hizi kahawa imepisha ploti, nyumba za kukodisha, maduka ya vifaa vya ujenzi na boda boda zisizo na idadi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru, ilhali ile ya 2009 ilikuwa imehesabu watu wasiofika 240,000. Mahali ambapo watu wanaongezeka kwa kasi namna hiyo, ni rahisi sana jirani asimjue jirani.

Mama niliyekuwa nikinunua mboga kwake ana kibanda cha mabati kando ya njia. Nyuma ya kibanda kuna chumba kimoja anachoishi na watoto wake, na kati ya kibanda na chumba kuna pazia. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa aliniomba nisilitaje.

Jioni moja nilichukua sukuma wiki ya shilingi 30, nyanya za 40 na vitunguu vya 20. Nikampa noti ya shilingi 200, naye akanirudishia 100. Niliipokea nikageuka kwenda zangu. Hapo ikasikika sauti nzito kutoka nyuma ya pazia, sauti ya mtu anayejikakamua kusema lakini maneno hayatoki sawasawa.

Yule mama akacheka. "Ngoja, kastoma," akaniambia. "Anasema bado kumi yako."

"Nani huyo, mama?"

"Ni kijana wangu."

Akafunua pazia. Juu ya godoro, akiwa ameegemezwa kwa mito na gunia lililojazwa nguo, alikuwa ameketi mvulana wa miaka tisa. Mikono yake ilikuwa imejikunja, na kichwa hakikutulia. Lakini macho yake yalikuwa yananitazama, na alikuwa akitabasamu kama mtu aliyemshika mwenzake kwenye kosa. Alikuwa amezisikia bei zote tatu, akazijumlisha, akatoa jumla kutoka kwa mia mbili, na kugundua kwamba mamake amekosea.

Mtoto huyo hakuwa amewahi kuketi darasani hata siku moja.

'Mpeleke shule zao'

Mvulana huyo ana hali ambayo madaktari wa Kiswahili huiita mtindio wa ubongo. Hutokea pale ubongo wa mtoto unapodhurika kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya kwanza ya maisha. Huenda mtoto alikosa hewa mamake alipokuwa akijifungua, huenda alipatwa na homa kali ya manjano akiwa mchanga, au homa ya uti wa mgongo. Ubongo ukidhurika hivyo, amri unazotuma kwa misuli huvurugika. Mkono unakaza, mguu unapinda, ulimi unakuwa mzito.

Lakini msomaji, shika jambo hili vizuri: ulimi mzito si akili nzito. Wako watoto wenye hali hii ambao pia akili zao zimeathirika, na wako wengi ambao wanaelewa kila kitu kinachosemwa mbele yao, pamoja na yale maneno ya kuudhi tunayodhani hawayasikii.

Mvulana alipofika miaka sita, mama alimbeba mgongoni kwa leso hadi shule moja ya umma. Mwalimu aliyempokea hakuwa mtu mbaya. Alimsalimu mtoto, akamuuliza jina lake. Mtoto akajikakamua, akatoa sauti. Mwalimu hakuelewa. Akamuuliza tena, na tena hakuelewa. Basi akamgeukia mama, akamwambia kwa upole kwamba shule haina mwalimu wa watoto kama hao, madarasa yamejaa, na vyoo ni vya kuchuchumaa. "Mpeleke shule zao, mama. Huko watamsaidia."

Hakuna aliyemwambia shule zao ziko wapi. Mama alirudi nyumbani, akamlaza mtoto nyuma ya pazia, na miaka mitatu ikapita.

Si yeye pekee. Shirika la Umoja wa Mataifa la kushughulikia watoto, UNICEF, lilitoa ripoti mwaka 2021 likikadiria kwamba ulimwenguni kote kuna takriban watoto milioni 240 wenye ulemavu. Ripoti hiyo ilisema kuwa uwezekano wa mtoto mlemavu kutowahi kukanyaga shule ni mkubwa kwa asilimia 49 kuliko wa mtoto asiye na ulemavu. Nyuma ya takwimu hizo kuna mapazia mengi.

Sheria inasemaje?

Ungeweza kudhani kwamba labda sheria zetu zina kasoro. La hasha! Kwa upande wa sheria, Kenya haina la kuonea aibu.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo ya bure na ya lazima. Haikusema kila mtoto anayetembea. Haikusema kila mtoto anayeweza kutamka jina lake. Kifungu cha 54 kinaongeza kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutumia taasisi za elimu zilizo pamoja na jamii, kwa kadiri inavyomfaa mwenyewe.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza shule kumbagua mtoto anayetafuta nafasi kwa sababu ya ulemavu wake. Sheria hiyo hiyo inamfanya mzazi anayemweka mtoto nyumbani bila kumpeleka shule kuwa mkosaji. Kisha kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Tena Kenya iliidhinisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008.

Isitoshe, tangu Januari 2003 elimu ya msingi katika shule za umma imekuwa bila karo. Wakati huo idadi ya wanafunzi wa shule za msingi nchini ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mwaka uliofuata, mzee Kimani Maruge, aliyekuwa na umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza huko Eldoret akiwa amevaa soksi ndefu na kaptura, na ulimwengu mzima ukamshangilia.

Ilikuwa haki kumshangilia. Lakini fikiria: taifa lililompatia babu wa miaka 84 dawati, lilishindwaje kumpatia dawati mvulana wa miaka sita wa Gatongora? Jibu ni kwamba mlango wa shule ulipofunguliwa, ulifunguliwa kwa yeyote anayeweza kuufikia kwa miguu yake.

Majirani zetu wa Uganda walilitazama jambo hili kwa namna nyingine. Walipoanzisha elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997, serikali ilianza kwa kuwalipia watoto wanne katika kila familia, na ikaagizwa kwamba ikiwa familia ina mtoto mlemavu, yeye awe katika wale wa kwanza kuhesabiwa. Agizo peke yake halikumaliza matatizo yote, lakini angalau mzazi aliambiwa waziwazi kwamba mtoto huyo asingojee hadi wenzake washibe.

Thika ilitangulia

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba mtoto huyu hakuzaliwa mbali na shule. Alizaliwa katika sehemu ya Kenya iliyotangulia kwa kazi hii.

Mwaka 1946, baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Jeshi la Wokovu lilianzisha mjini Thika shule ya vipofu ambayo hadi leo inafunza. Mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, kanisa hilo hilo likafungua Joytown, papo hapo Thika, kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Kambui, katika kaunti hiyo hiyo ya Kiambu, kuna shule ya viziwi. Na Kijabe, upande wa pili wa kaunti, ipo hospitali ya CURE ambayo tangu mwaka 1998 imekuwa ikiwafanyia watoto upasuaji wa miguu iliyopinda na maradhi mengine ya viungo.

Wakati wa mwanzo, watoto wengi katika shule za viungo walikuwa wale waliopoozeshwa na polio. Chanjo imeupunguza ugonjwa huo mno. Siku hizi viti vingi vimechukuliwa na watoto wenye mtindio wa ubongo na wale waliozaliwa na mgongo wazi, ambao mahitaji yao ni makubwa zaidi: wengine hawawezi kula, kuvaa wala kwenda haja bila kusaidiwa.

Serikali nayo haikukaa kimya. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliyachunguza masomo ya taifa changa, na mwaka huo huo kamati ya Ngala Mwendwa ikachunguza hali ya walemavu. Mnamo 1984, kwa msaada wa serikali ya Denmark, vikaanza kuundwa vituo vya kutathmini watoto walemavu na kuwaelekeza shuleni. Mwaka 1986 ikazaliwa Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoko Kasarani, ili kuwafunza walimu wa kazi hiyo.

Basi piga picha, msomaji. Ukisimama kwenye barabara kuu ya Thika pale Ruiru, ukipanda matatu kuelekea kaskazini, kiasi cha kilomita 20 utafika Joytown. Ukipanda ya kuelekea Nairobi, hutafika mbali kabla ya Kasarani. Mama wa kibandani aliishi katikati ya taasisi hizo mbili kwa miaka tisa, na hakuna mtu aliyemtajia hata moja.

Haya, pesa na barabara

Kwa nini basi watoto hawa hubaki majumbani? Nilipozungumza na mama huyo mara kwa mara, niligundua kwamba sababu si moja.

Ya kwanza ni haya. Baba ya mtoto aliondoka mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu, baada ya jamaa kunong'ona kwamba kwao hakujawahi kuzaliwa mtu wa namna hiyo. Wengine walisema ni laana, wengine wakasema mama alikanyaga kitu. Mama akajifunza kumficha mwanawe ili awafiche watu midomo yao.

Hata lugha yetu imechangia. Mtu ni wa ngeli ya watu: mwalimu, mkulima, mgeni. Lakini mtu akipoteza macho, tunamwita kipofu. Akipoteza masikio, kiziwi. Akiumia mguu, kiwete. Tunamtoa kwenye ngeli ya watu, tunampeleka kwenye ngeli ya kiti na kijiko. Ndugu zetu Wakikuyu nao humwita kionje, kwa ngeli kama hiyo hiyo. Katiba, katika kile kifungu cha 54 nilichokitaja, inataka mtu mwenye ulemavu atajwe kwa namna isiyomdhalilisha. Waliotunga kifungu hicho walijua kwamba mtoto huanza kufichwa kwenye maneno kabla ya kufichwa nyuma ya pazia.

Sababu ya pili ni pesa. Ni kweli karo ya shule ya umma iliondolewa. Lakini shule nyingi maalum ni za bweni, na bweni lina gharama yake: chakula, godoro, sabuni, nepi kwa asiyeweza kujizuia, na nauli ya kumpeleka na kumrudisha. Kwa mama anayeuza sukuma wiki ya shilingi 30, hizo ni fedha nyingi.

Ya tatu ni njia yenyewe. Mvua ikinyesha, udongo wa Gatongora hushika hata gurudumu la gari, sembuse la kiti cha mtoto. Kwenye matatu, makanga akikiona kiti cha magurudumu hukuambia ulipie nafasi mbili, au gari linaondoka hali bado umeinua mkono. Mtoto wa miaka mitatu hubebeka mgongoni. Wa miaka tisa humvunja mamake kiuno.

Ya nne ni choo. Unaweza kulicheka jambo hili, lakini waulize akina mama wenye watoto hawa. Shule inaweza kuwa na mwalimu mwema na dawati la ziada, lakini kama mtoto hawezi kuingia chooni, hatakaa hapo hadi saa nane. Mbao mbili na mfuko wa saruji vingeweza kuondoa kizuizi ambacho hotuba nyingi hazijakiondoa.

Kuna jambo la tano ambalo sikulijua hadi nilipolishuhudia. Mvulana huyu ana dada. Siku za soko, mama anapoondoka alfajiri kwenda kununua mboga, ni lazima mtu abaki na mgonjwa, kama wanavyomwita. Dada huyo, mwenye miguu mizima na ulimi mwepesi, alikuwa akikosa shule siku mbili kila juma. Kwa hiyo pale tulipodhani mtoto mmoja ananyimwa elimu, kumbe walikuwa wawili.

'Miaka mitatu'

Baada ya siku ile ya chenji, niliuliza huku na huko, nikaelezwa habari za vituo vya kutathmini. Nilimwambia mama. Alisitasita, kwa kuwa aliogopa kuambiwa tena yale aliyoambiwa. Mwishowe alikubali, nami nikaenda naye.

Mtaalamu aliyetupokea hakumuuliza mtoto jina. Alimketisha vizuri kwanza, akamkaza kiuno kwa mshipi ili asiyumbe. Kisha akapanga mbele yake kadi zenye picha. Akamwambia, "Nionyeshe ng'ombe." Mvulana akaburuta ngumi yake mezani, polepole, ikatua juu ya ng'ombe. "Nionyeshe kile tunachofungulia mlango." Ngumi ikaenda kwenye ufunguo.

Kadi za picha zikaondolewa, zikaja za nambari. Mvulana hakuwa amefunzwa kuzisoma, ila zile alizoziona kwenye noti na sarafu. Alizijua zote hizo. Mtaalamu akamuuliza: saba na tano ni ngapi? Hakukuwa na kadi ya kumi na mbili. Mtoto akatafuta, akaweka ngumi kwenye kumi, kisha akaiburuta hadi kwenye moja, akainua, akaiweka hapo hapo mara ya pili.

Mtaalamu aliandika kwa muda. Mama hakusema neno. Tulipotoka nje alisimama kwenye ngazi, akahesabu kwa vidole tangu siku ile ya kwanza aliyompeleka shule. "Miaka mitatu," akasema. "Miaka mitatu nimemlaza, na yote hayo yalikuwa ndani."

Sikuwa na la kumjibu.

Shule maalum au shule ya kawaida?

Hapo ndipo mzazi hukabiliwa na uamuzi mgumu, na ni vyema ujue hoja za pande zote mbili.

Wapo wanaosema mtoto mlemavu apelekwe shule maalum, kwa sababu huko kuna walimu waliosomea kazi hiyo, vyoo vinavyomfaa, watu wa kumnyoosha viungo, na wenzake ambao hawatamcheka. Hoja hii ina uzito. Shule za Thika zimetoa watu wengi wanaojitegemea leo.

Wengine husema kwamba mtoto akitolewa nyumbani akiwa mdogo na kupelekwa bweni, familia humzoea kuwa hayupo, na mtaa haujifunzi kamwe kuishi naye. Mwaka 1994 wawakilishi wa serikali 92 walikutana Salamanca, Uhispania, wakatoa azimio kwamba shule za kawaida zinapaswa kuwapokea watoto wote, na kwamba shule zinazofanya hivyo ndizo silaha bora ya kupambana na ubaguzi.

Katikati ya hizo mbili kuna njia ya tatu, nayo ni kitengo maalum ndani ya shule ya kawaida. Mtoto anakuwa na mwalimu wake na chumba chake, lakini paredi ni moja, kiwanja ni kimoja, na jioni analala kwao. Aidha, mtaala mpya ulioanza kote nchini mwaka 2019 umeweka njia ya hatua kwa wale wasioweza kwenda sambamba na wenzao: mtoto husonga mbele kulingana na anachokiweza, si kulingana na umri wake, na mwisho hufunzwa kazi ya mikono.

Ipi ni bora? Inategemea mtoto. Asiyeona huhitaji kwanza mtu wa kumfunza nukta nundu, na asiyesikia huhitaji wenzake wa kuongea nao kwa lugha ya ishara. Mwenye mguu mmoja huenda ahitaji tu gongo na darasa lisilo na ngazi. Ndiyo maana tathmini hutangulia.

Ufanye nini wewe mzazi?

Ikiwa unaye mtoto wa namna hii, au jirani yako anaye, haya ndiyo ningependa uyajue.

Kwanza, usingoje afike miaka sita. Mtoto akichelewa kushika shingo, kuketi au kuitika anapoitwa, mpeleke hospitali mapema. Viungo vikinyooshwa vingali laini, mtoto hupata nguvu ambazo baadaye ni vigumu kuzipata. Samaki mkunje angali mbichi.

Pili, nenda ofisi ya elimu ya eneo lako uulize kituo cha kutathmini kilicho karibu. KISE pale Kasarani nao hutathmini watoto. Ukipewa barua ya tathmini itunze kama cheti cha kuzaliwa, kwa sababu ndiyo itakayokufungulia mlango wa shule.

Tatu, mwandikishe mtoto kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Utahitaji ripoti ya daktari kutoka hospitali ya serikali. Uandikishaji huo ndio mwanzo wa kuomba misaada kama vile viti vya magurudumu na ruzuku za masomo. Aidha, kuna mpango wa serikali wa kuwapa watu wenye ulemavu mkubwa, wanaotoka katika jamaa maskini, shilingi 2,000 kwa mwezi. Hauwafikii wote, lakini asiyeomba hapewi. Waulize chifu na afisa wa masuala ya kijamii.

Nne, mwalimu akikuambia hakuna nafasi, usiondoke kimya. Mwombe akuandikie sababu, kisha uipeleke barua hiyo ofisi ya elimu. Sheria iko upande wako.

Tano, mhesabishe. Sensa ya 2019 ilipata watu wapatao 900,000 wenye ulemavu miongoni mwa Wakenya wa umri wa miaka mitano na zaidi, yaani asilimia 2.2. Mtoto aliyefichwa asihesabiwe hana dawati, hana mwalimu, wala hana kitabu katika bajeti ya mtu yeyote.

Na wewe mwalimu mkuu unayesoma ukurasa huu, najua una wanafunzi wengi kuliko madawati. Hata hivyo, mzazi akija kwako na mtoto mgongoni, kama huwezi kumpokea, basi usimwambie tu ampeleke shule zao. Mwandikie mahali pa kwenda, jina la ofisi na siku inayofunguliwa. Kikaratasi kimoja kingemwokoa mvulana wa Gatongora miaka mitatu.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Hakuna kati yetu aliye na hati ya kumhakikishia kwamba macho haya, miguu hii na ulimi huu atakufa navyo. Ajali moja tu pale kwenye barabara kuu ya Thika yatosha kumhamisha mtu kutoka upande mmoja wa habari hii hadi mwingine.

Huenda ungependa kujua yule mvulana yuko wapi sasa. Alipata nafasi katika kitengo maalum cha shule ya umma, akiwa na miaka kumi. Kijana mmoja wa boda boda humpeleka na kumrudisha pamoja na dada yake, kwa bei waliyopatana na mama. Mvua kubwa ikinyesha haendi, kwani barabara haipitiki. Kuandika bado ni kazi ngumu, lakini amefundishwa kuonyesha herufi ubaoni kwa ngumi, na mwalimu wake huzisoma moja baada ya nyingine. Dada hakosi shule tena siku za soko.

Mimi bado hununua mboga kwa mama yule. Nikipita asubuhi siku ya shule, nyuma ya pazia huwa kimya, na chenji nahesabu mwenyewe.

Basi narudia swali langu, msomaji. Mtaani kwako, nyuma ya pazia la nani kuna mtoto ambaye kesho, Jumatatu, wenzake wakienda shule, yeye atabaki akiwasikiliza wakipita?